Fundi wa Shawa Aliyeoga kwa Karai

Mjini Homa Bay ni wachache wanaomjua Nicholas kwa jina lake la ubatizo. Wengine wote humwita Baba Stima, naye hulipenda jina hilo kuliko anavyolipenda koti lake la Krismasi. Ameingiza stima katika nyumba za walimu, za wachuuzi wa samaki, za wachungaji wa makanisa matatu yasiyosalimiana. Kwa kusema kwake, nusu ya watu wa mji huu wanaooga maji moto asubuhi wanaoga kwa jasho lake. Hakuna aliyewahi kuwahesabu, kwa hiyo hakuna wa kumbishia.

Sasa sikiliza kichekesho. Nyumbani kwake mwenyewe, mtaa wa Shauri Yako, shawa ilikuwa inauma watu.

Aliifunga mwaka ule binti yao Zilpah alipoanza chekechea, ikawa shawa ya kwanza ya stima katika ploti nzima. Majirani walikuja wakisingizia kuazima chumvi ili waichungulie. Enzi hizo maji yalikuwa ya mfereji wa mji, matamu, na shawa ilifanya kazi yake kwa adabu. Baadaye mfereji ukawa unakauka wiki nzima, mwenye ploti akachimba kisima, na maji ya kisima yakawa na chumvi. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Zipo shawa za maji matamu na zipo za maji ya chumvi, na ukikosea, stima hupita ndani ya maji ikaja kukusalimia mwilini. Nicholas alilijua hilo kuliko mtu yeyote kati ya Rongo na Mbita, na aliwahubiria wateja wake kila siku. Kwake nyumbani alitoa dawa nyingine: ndara za mpira miguuni, na mwiko.

Mwiko wa ugali, ndiyo. Ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa bafu. Ukimaliza kuoga hukuugusa mfereji kwa mkono. Uliusukuma kwa mwiko mpaka ufunge, ukiwa umesimama juu ya ndara zako kama mtu anayeua nyoka. Wageni walifundishwa kabla ya kupewa taulo. Shemeji mmoja kutoka Rodi Kopany alikataa kufundishwa, akatoka bafuni uchi wa mnyama akiliita jina la mama yake. Hajalala tena katika nyumba ile.

Miaka mitatu Trizah, mkewe, aliomba shawa ibadilishwe. Trizah hushona sare za shule pale sokoni. Ana simu mbili, moja ya nyumbani na moja ya wateja wa sare, na ana utulivu wa mtu aliyezoea kushika pini kwa meno. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba Zilpah, hii kitu itatuua."

"Vaa ndara, Nyar Rodi," Nicholas alijibu, akimwita binti wa Rodi kama kawaida yake, huku akifunga mkoba wa vyombo vyake. "Nikirudi nitaiangalia."

Akirudi, amechoka. Kesho yake ana mteja.

Utauliza kwa nini Trizah asiite fundi mwingine. Hapo ndipo penye ugonjwa wa Nicholas, nami nitausema waziwazi: mtu huyu ana wivu. Si wivu wa kuchungulia madirisha, hapana. Ni wivu wa mikono. Akifungua swichi ya mteja wake wa zamani akakuta tepu ya rangi asiyoitumia, huuliza, "Nani alikuwa hapa?" kwa sauti ya mtu aliyekuta viatu vya kiume chini ya kitanda chake. Mara moja alibomoa kazi nzuri kabisa ya mtu mwingine huko Asumbi, akairudia bure, ili tu alale. Na nyumbani alikwisha kula kiapo mbele ya mkewe: "Siku mwanaume mwingine ataingia na bisibisi ndani ya nyumba yangu, siku hiyo nitajua sina nyumba." Trizah alikisikia kiapo hicho, akaendelea kuvaa ndara.

Mwezi wa tatu Nicholas akapata kazi nono kisiwani Mfangano, nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili. Asubuhi ya safari Trizah alimkumbusha shawa. Alisema nikirudi. Akavuka maji, akakaa siku kumi na saba.

Siku ya tano, akiwa juu ya ngazi, ikaingia meseji kutoka namba asiyoijua. Ni mtu wa Homa Bay mjini, shawa yake inapiga shoti, maji ni ya kisima, afanye nini? Ungemwona Nicholas wakati huo usingemjua. Kwa mteja yeye ni mtu mwingine kabisa. Alishuka ngazi. Alijibu kabla dakika haijaisha, akaulizwa tena, akajibu tena, na moyoni akasema huyu ni mteja muungwana, anauliza maswali ya maana. Jina hakuuliza. Huo ndio utaratibu wake, kwamba wateja wote huwahifadhi kwa ugonjwa wa nyumba zao. Fungua simu yake uone: Soketi Sofia, Taa za Mchungaji, Mita Asumbi. Mteja huyu alikuwa wa tatu wa shawa mwezi ule, akaingia kwa jina la Shawa Tatu. Mkewe mwenyewe yumo humo kwa jina la Nyumbani, na simu za Nyumbani hungoja jioni.

Kwa kuwa yeye alikuwa kisiwani, kazi ile alimpa Bichage. Bichage ni Mkuria wa kule Migori, mtu wa makamo mwenye simu ya kabambe isiyopiga picha, na ndiye fundi pekee duniani ambaye mikono yake Nicholas aliivumilia, maana aliishi mbali, hakuwahi kufika kwake, na hakumbishia. Alimpa namba ya mteja na maagizo marefu kama kawaida yake. Siku mbili baadaye Bichage alipiga kusema kazi imekwisha na mteja ameshukuru sana. Nicholas akamwambia vizuri, akarudi kwenye ngazi yake, akasahau.

Alifika nyumbani Jumapili mchana akinuka jasho na samaki wa watu. Alivaa ndara, akachukua taulo, akaingia bafuni, akanyoosha mkono nyuma ya mlango kutafuta mwiko. Msumari ulikuwa mtupu.

Akainua macho. Ukutani palikuwa na shawa mpya, nyeupe, inayong'aa. Waya wake ulishuka umenyooka, umebanwa vizuri kila baada ya shibiri. Nicholas aliugusa mfereji kwa ncha ya kidole kimoja, huku amefumba macho, kwa mazoea. Haukuuma. Maji yalishuka mengi, yenye moto wa kupendeza, yakamlowesha kiganja. Aliufunga haraka. Alirudi nyuma kana kwamba amekuta mtu amesimama mle ndani.

"Trizah!" Jina hilo hulitumia akiwa amekasirika tu.

"Niko jikoni."

"Nani alikuwa bafuni mwangu?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

"Wa stima. Wa viatu ningempeleka bafuni kufanya nini?"

Nicholas alikwenda akasimama mlangoni pa jikoni na taulo begani. Trizah alikuwa anapepeta mchele, wala hakuacha.

"Anaitwa nani?"

"Jina lake la nini sasa? Si maji ni moto? Ulisema ukirudi. Basi umerudi, nimekupunguzia kazi." Akaupuliza mchele. "Na huyo ni mtu wa heshima, wacha nikuambie. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akafagia vumbi yake mwenyewe. Akaniuliza kama hiyo moto inanitosha ama apunguze."

Kila neno lilimwingia Nicholas mahali pake. Miaka kumi na minne ya ndoa, yeye hajawahi kuvua viatu kwa sababu ya sakafu ya Trizah.

"Ulimpikia?"

"Ningemwacha na njaa? Alikula ngege."

"Mzima?"

"Mzima."

Katika nyumba ile kichwa cha samaki ni cha Nicholas, na hilo halijawahi kujadiliwa. "Na kichwa?"

"Kichwa nilimpa. Ama ningekiweka mpaka utoke Mfangano?"

Tangu siku hiyo Nicholas alikataa kuoga bafuni. Alichukua karai, akateka maji baridi kisimani, akaenda kuoga katika bafu la mabati la nyuma ya ploti, lile wanalotumia wapangaji wasio na stima. Fikiria: Baba Stima, ambaye nusu ya mji inaoga kwa jasho lake, anatetemeka nyuma ya mabati na kipande cha sabuni. Jirani yao Priscah alimwona siku ya pili. Akamuuliza kwa huruma kama stima imekatwa. Nicholas akamjibu kwamba maji baridi yanasaidia mgongo. Siku ya nne Priscah alimletea dawa ya mgongo.

Afadhali baridi kuliko kile alichokisikia ndani. Trizah alianza kuimba. Zamani aliingia bafuni akatoka kabla chai haijachemka, amejikunyata, mwiko mkononi. Sasa aliingia na wimbo wa kwaya na kutoka na mwingine. Nicholas alisimama ukumbini akijifanya anasoma mita, huku masikio yote mawili yako bafuni. Wivu ulimla, na aliujua kuwa ni wivu. Alimwonea wivu yule mtu kwa kila ubeti. Aliyaonea wivu hata maji. Akitoka, Trizah hung'aa uso, akajipaka mafuta taratibu akisema, "Mungu ambariki huyo fundi popote alipo." Nicholas hakuweza kusema amina.

Siku moja mkewe alipokwenda sokoni, alizima stima, akafungua kila kitu kutafuta kosa. Ninakwambia alitafuta kama polisi. Alikagua skrubu moja moja. Alipima unene wa waya. Alifuata ule waya wa kijani, ule wa kuipeleka stima ardhini ikikosea njia, ambao yeye mwenyewe zamani aliukata kwa kuwa ulikuwa mfupi na ilikuwa jioni. Yule mtu alikuwa ameuunga, akautoa nje kwa tundu safi, akaufunga kwenye nondo ya shaba aliyoipigilia chini kando ya mgomba. Kazi ingekuwa mbaya angeweza kusamehe. Kazi ilikuwa nzuri. Nicholas alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Ijumaa alikwenda dukani kwa Kaltum. Kaltum na mumewe Farah wana duka la vifaa karibu na stendi, na hakuna shawa inayofungwa mjini ambayo haikupita mkononi mwa Kaltum. Nicholas alinunua tepu asiyoihitaji.

"Mama," alisema, "shawa ya kwangu, yule mke wangu aliinunua hapa?"

"Hapa hapa, fundi. Na nimefurahi, maana wateja wengi wanakuja hawajui kitu. Yeye alikuja na simu ananisomea meseji za fundi wake. Ya maji ya chumvi, usikubali nyingine hata kama ni bei rahisi. Waya uwe ule mnene. Usisahau nondo ya chini. Wallahi, yule fundi wake anajua kazi!"

"Meseji," Nicholas alisema.

"Nyingi! Na mtu mwenye huruma. Ati pole sana mama, ati usijali mama. Mimi nikamwambia, huyu fundi anaandika kama mchumba." Kaltum alicheka. "Akacheka mpaka akajifuta macho na leso. Hii tepu ni ya nini, fundi? Juzi ulichukua tano."

Wewe unayesoma pengine umeshaanza kutabasamu. Nicholas hakutabasamu. Wivu ukishampanda mtu kichwani hakumbuki hata alichoandika kwa mkono wake. Alichokiona yeye barabarani akirudi ni mwanaume, hana sura lakini ana mikono mizuri, amekaa mahali anamwandikia mkewe pole sana mama. Akicheka mpaka akajifuta macho! Mara ya mwisho Trizah kucheka hivyo mbele yake ilikuwa lini? Alijaribu kukumbuka kuanzia dukani mpaka nyumbani, akafika kabla hajapata jibu. Hapo ndipo alipoogopa. Aliona wazi kwamba anampoteza mkewe, na anampoteza kwa fundi wa stima.

Asubuhi ya Jumamosi Trizah alipokwenda kupeleka sare, Nicholas alimpigia Bichage aje mara moja. Alimwambia kuna kazi ya mtu anataka aione, kwa sababu Bichage anajua mkono wa kila fundi kuanzia Isebania mpaka Homa Bay. Kisha, kwa sababu kungoja kulimshinda, akapanda juu ya kiti, akaifungua shawa mpya, akaiweka mezani sebuleni kama ushahidi. Ile ya zamani aliikuta katika gunia chini ya kitanda. Akaifunga ukutani mahali pake. Waya wa kijani ule wenye kiherehere akaurudisha ndani. Akawasha stima kuhakikisha kuwa inafanya kazi, ikawaka taa yake nyekundu, naye akapata nafuu kidogo, ya kipumbavu. Akatoka kwenda stendi kumpokea mgeni, bila kuzima.

Bichage alishuka kwenye gari la Rongo na mkoba wake, wakasalimiana, wakaanza kutembea. Nicholas aliongea njia nzima kuhusu watu wasio na adabu wanaoingia nyumba za wenzao. Walipofika penye kinu cha kusaga unga, Bichage alikata kona ya kushoto kabla ya kuambiwa.

Nicholas alisimama. "Umejuaje njia?"

"Si tunaenda kwa yule mteja yako, mkubwa? Wa shawa."

"Mteja gani?"

"Yule ulinituma ukiwa kisiwa. Geti ya bluu, hapo mbele." Bichage alishangaa. "Ile mama ya sare. Nilifanya vile uliniambia. Nivue viatu mlangoni. Nifagie vumbi yangu. Nisitoke kabla ya kumuuliza kama moto inamtosha. Waya ya kijani niitoe nje hata kama inachukua siku mzima. Kwani amelalamika?"

Kwa muda Nicholas alisikia kinu tu. Kisha yakamjia yote kwa pamoja: Shawa Tatu, ngazi ya kule Mfangano, pole sana mama. Mikono ile mizuri aliyoionea wivu siku saba ilikuwa imefuata mdomo wake mwenyewe. Angecheka, kama asingekumbuka kitu kingine. Trizah hurudi kutoka kupeleka sare akiwa na vumbi, na akirudi huenda moja kwa moja kuoga. Siku hizi huingia peku. Siku hizi huushika mfereji kwa mkono.

Alikimbia. Mtu wa miaka arobaini na minane, kiatu kimoja kikamvuka mtaroni akakiacha. Getini alisikia viatu vya Bichage nyuma yake. Ukumbini alisimama kusikiliza. Wiki nzima ameuchukia wimbo ule, sasa aliutafuta kwa masikio yake yote. Hakukuwa na wimbo. Hakukuwa na sauti yoyote.

"Trizah!"

Mlango wa bafu ulikuwa wazi. Trizah alikuwa amesimama kizingitini, peku, taulo begani, akiitazama shawa ya zamani ukutani na taa yake nyekundu. Hakugeuka.

"Nimeiona," alisema. "Macho bado niko nayo."

Nicholas alipita, akapiga swichi ikazima, akaegemea ukuta. Alitaka kusema mengi, akasema, "Ni wewe Shawa Tatu."

"Ndivyo umeniandika?" Trizah alisema. "Mimi nilikuandika Fundi."

Alitoa simu ndogo mfukoni mwa gauni, ile ya wateja wa sare, ambayo Nicholas hakuwahi kuuliza namba yake. Akabonyeza polepole. Bichage alikuwa amefika mlangoni, viatu vyake tayari amevishika mkononi, hajui aingie au arudi Migori. Trizah akasoma kwa sauti ileile anayosomea vipimo vya kiuno na mabega.

"Pole sana mama kwa hiyo shida. Tafadhali usioge kwa hiyo shawa tena, hata mara moja, kabla fundi hajafika. Usidanganywe na ndara. Ndara haizuii kitu maji yakiwa kila mahali. Inaweza kukuua."

Akaizima simu.

"Nilikuuliza kitu moja miaka tatu," alisema. "Nikiwa bibi yako, uliniambia nivae ndara. Nikiwa mtu hujui, ulinijibu dakika haijaisha." Sauti yake ilikwaruza kidogo, akainyoosha. "Wewe ulikuwa unamwonea wivu fundi. Mimi nilikuwa namwonea wivu huyo mteja. Nilikuwa nasoma vile unaongea naye, nasema, huyu mama amepata bwana mzuri."

Nicholas aliivua shawa ya zamani, akaitoa nje, akaipiga nyundo juu ya jiwe mpaka hata mwokota vyuma asingeitaka. Kisha yeye na Bichage wakairudisha ile mpya. Bichage alishika, Nicholas akafunga. Waya wa kijani aliutoa nje yeye mwenyewe, akapiga magoti kando ya mgomba. Alipomaliza, alitafuta ufagio, na kwa kuwa hakuwahi kujua unapowekwa, ilimbidi aulize. Akafagia vumbi lake. Trizah alipoingia bafuni, Nicholas alivua kile kiatu kilichobaki, akasimama nje ya mlango na soksi zilizotoboka.

"Moto inakutosha," aliuliza, "ama nipunguze?"

Maji yalishuka.

"Ongeza kidogo," Trizah alisema.

Mchana walikula ngege. Trizah alipakua, akakigeuza kichwa cha samaki kwa kijiko, akakiweka katika sahani ya Bichage, kisha akarudi jikoni. Bichage, mtu wa heshima, alikula bila kuinua macho. Nicholas alimtazama akinyonya shavu la ngege yule, na wivu ukamkaba upya kana kwamba hakujifunza kitu. Alikuwa angali anautazama ule mfupa simu ilipolia.

Ilikuwa Shawa Tatu. "Asante fundi, maji ni mazuri. Kuna soketi ya jikoni pia inauma. Tangu mwaka jana. Unaweza kuja lini?"

Aligeuka. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Trizah alikuwa amempa mgongo, birika la stima limechemka, naye alinyoosha mkono ukutani kuizima swichi kwa ncha ya mwiko. Ulikuwa mwiko uleule wa bafuni. Msumari wake mpya ulikuwa kando ya soketi, na Nicholas alikuwa amepita mbele yake wiki nzima.

Aliweka sahani chini. Akauchukua mkoba wa vyombo vyake, akavua soksi zake, akasimama mlangoni pa jikoni.

"Hodi, mama," alisema. "Ni fundi."